JIKO LA GESI LA NYAMA CHOMA: TUNAOGOPA MTUNGI, KUMBE KINACHOUNGUZA NI UCHAFU

Leo tuache siasa kidogo. Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa kwa shemeji yangu kwenye kipaimara cha binti yake. Wageni wamejaa, muziki unalia, kuku wamelowekwa kwenye ndimu na tangawizi tangu usiku, na pembeni pale uani kuna jiko lake kubwa la gesi la kuchomea nyama, lile lenye matairi na mfuniko, alilotumiwa na ndugu yake wa Uingereza ndani ya kontena. Jiko lilikuwa limekaa uani miezi minane bila kuguswa.

Kijana aliyekabidhiwa kazi ya kuchoma akafungua mtungi, akageuza swichi, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Ta, ta, ta... kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Muda wote huo mfuniko umefungwa. Mara ya nne au ya tano, BUUUH! Mfuniko ukaruka, kijana akarudi nyuma hana nyusi wala kope. Mungu saidia hakuungua zaidi ya hapo. Halafu moto ukabaki unawaka, ila hauwaki pale nyama inapowekwa, unawaka chini ya swichi, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na moto hata kidogo. Watu mbio, "mtungi unalipuka, mtungi unalipuka!" Mzee mmoja mwenye moyo akapita pembeni akafunga mtungi, moto ukazimika wenyewe. Kuku wakaishia kwenye mkaa.

Kesho yake mimi na shemeji tukalifungua lile jiko. Mtungi mzima kabisa. Regyuleta nzima. Ila kwenye vichomeo vitatu, viwili vilikuwa vimezibwa: kimoja utando wa buibui, kingine nyigu kajenga nyumba ya udongo ndani. Na trei ya mafuta ya chini, jamani... mafuta ya sherehe za mwaka mzima yameganda mle, na mende juu yake.

Sasa naandika hii kwa sababu haya majiko yameanza kuwa mengi mjini. Wapo wanaoyanunua mtumba kwenye makontena, wapo vijana wanaochomea mishikaki ya biashara, wapo wanaoyakodi kwa sherehe. Na karibu kila mtu akili yake iko kwenye mtungi. Mtungi wa gesi ni chuma kinene kilichotengenezwa kuhimili presha. Kinachotuunguza mara nyingi ni vitu vya kijinga, yaani mafuta ya nyama na bomba lililoziba. Marekani, ambako majiko haya ni mengi majumbani, takwimu za shirika lao la kuzuia moto, NFPA, zinaonyesha kati ya mwaka 2014 na 2018 zimamoto waliitwa kwenye moto wa majiko ya kuchomea nyama majumbani mara 10,600 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa ni ya majiko ya gesi. Sababu inayojirudia sana ni kwamba jiko halikusafishwa.

Tuanze na lile buuuh. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu mpaka mara mbili. Haipai juu ikapotea, inatulia chini kama maji. Ukifungulia huku mfuniko umefunga na moto haujashika, gesi inajikusanya ndani ya sanduku la jiko, kila ukibonyeza kitufe unaiongezea. Ikija cheche moja tu, yote inawaka kwa mpigo. Kwa hiyo MFUNIKO UWE WAZI kabla hujagusa swichi yoyote. Isiposhika ndani ya sekunde chache, funga swichi, funga na mtungi, subiri dakika tano, upepo upite. Wabongo tuna haraka, najua, lakini dakika tano si kitu ukilinganisha na kutembea mjini bila nyusi.

Na lile la moto kuwaka chini ya swichi? Hapa inabidi ujue jiko linavyofanya kazi, na si kazi ngumu. Gesi inatoka kwenye mtungi, inapita kwenye regyuleta inayoishusha presha, inapita kwenye mpira, inafika kwenye swichi. Nyuma ya kila swichi kuna jeti, kipande kidogo cha shaba chenye kitundu chembamba sana, hata milimita moja hakifiki kwenye majiko mengi. Gesi inachomoka hapo kwa kasi na kuingia kwenye mdomo wa kichomeo. Mdomo huo una uwazi pembeni, na ile kasi ya gesi inavuta hewa kuingia nayo. Gesi ya mtungi inahitaji hewa nyingi mno, sehemu moja ya gesi kwa kama sehemu ishirini na nne mpaka thelathini za hewa. Vikichanganyika vizuri ndani ya bomba, vinatokea kwenye vitundu vya juu na unapata moto wa bluu, mkali, usio na moshi.

Sasa weka utando wa buibui katikati ya hilo bomba. Gesi inakuja, njia hakuna, inarudi nyuma na kutokea kwenye ule uwazi wa kuingizia hewa, ambao uko hapo hapo chini ya swichi. Ukiwasha, moto unafuata gesi ilipo. Ndiyo unaona unawaka mahali pa ajabu, unayeyusha swichi, na karibu yake kuna mpira wa gesi. Kama mpira ukiungua hapo sasa ndiyo habari inakuwa nyingine.

Buibui anafuata nini kwenye bomba la gesi? Bomba ni jembamba, giza, limetulia, halina mvua, ni nyumba tosha. Na si majiko tu. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari yake kama 65,000 huko Marekani ya Kaskazini kwa sababu buibui fulani wa njano alikuwa anajenga utando kwenye bomba la kupumulia la tangi la mafuta. Kampuni kubwa namna ile inasumbuliwa na buibui, sembuse jiko la shemeji.

Kwa hiyo jiko lililokaa zaidi ya mwezi bila kutumika, usiliwashe kabla hujasafisha vichomeo. Funga mtungi kwanza, ondoa na regyuleta. Toa nyavu za kuwekea nyama, toa yale mabati ya pembe yaliyofunika vichomeo. Kichomeo mara nyingi kimeshikwa na skrubu moja au pini kwa nyuma, ukifungua unakivuta kinatoka. Chukua brashi ndefu nyembamba, hata ile ya kuoshea chupa za mtoto ukiifunga kwenye waya laini, ipitishe ndani kutoka mdomoni mpaka mwisho, mara kadhaa. Halafu pitisha maji ya bomba mle ndani, angalia yanavyotokea juu. Kila kitundu kitoe maji. Kisichotoa, kizibue kwa njiti ya meno au waya mwembamba. Piga brashi kwa kukatisha, usipige kwa kufuata urefu wa kichomeo, maana utakuwa unausukuma uchafu kutoka kitundu hiki kwenda kile. Kianike juani mpaka kikauke kabisa.

Jeti usiitie sindano. Fundi mmoja wa mtaani aliniambia "unaipanua kidogo moto uwe mkubwa". Ndugu yangu, ukiipanua umeharibu hesabu yote ya gesi na hewa. Moto utakuwa mkubwa kweli, ila wa njano, wenye masizi, unaoruka. Jeti futa kwa kitambaa tu. Ikiziba kabisa, badilisha.

Kurudisha kichomeo nako kuna mtego ambao wengi wanaukanyaga. Mdomo wa kichomeo lazima uivae jeti, yaani jeti iingie NDANI ya mdomo. Ukikaa pembeni hata kidogo, gesi inamwagika nje ya bomba na unarudi kule kule kwenye moto chini ya swichi. Inama, chungulia kwa tochi, hakikisha kimoja kimoja. Ukiwasha, moto uwe wa bluu, ncha za njano kidogo si mbaya. Ukiona njano tupu ujue hewa haitoshi, bado kuna kitu kimebaki ndani.

Tukija kwenye mafuta. Hapa ndipo penye kazi chafu, na ndiyo sababu watu wanaikwepa. Nyama inapoiva mafuta yanadondoka, mengine yanaungua, mengine yanateleza mpaka chini kwenye trei. Ukichoma mara moja si shida. Ukichoma kila wikiendi miezi sita bila kusafisha, unakuwa na kilo nzima ya petroli ya kienyeji chini ya moto. Siku ukiweka kidari chenye mafuta mengi, moto unashuka mpaka chini, unakamata lile ziwa. Hapo sasa hata ukifunga gesi moto unaendelea, kwa sababu haulishwi tena na gesi.

Ikitokea, USIMWAGE MAJI. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini yake, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya yale maji. Unarusha mafuta yanayowaka kila upande, usoni kwako ikiwemo. Funga swichi zote, funga mtungi kama unaufikia bila kujiunguza, fungia mfuniko na uuache umefunga mpaka moto ufe kwa kukosa hewa. Kwa kumwaga, mchanga mkavu unafaa. Ukiona umekushinda, ondoa watu, ita zimamoto, jiko litanunuliwa jingine.

Kuna watu wanatandika karatasi ya foili chini ya sanduku la jiko ili wasioshe. Naelewa uvivu huo, nimewahi kuufanya. Tatizo foili inatengeneza mabonde, mafuta yanatuama humo badala ya kuteremka kwenye trei, unakuwa umejijengea bwawa mwenyewe. Foili weka ndani ya trei, si kwenye sanduku.

Kusafisha kwenyewe: kwa mtu wa sherehe mara moja moja, safisha baada ya kila sherehe. Kwa wa biashara, trei kila siku, sanduku kila wiki. Jiko likiwa limepoa na mtungi umefungwa, kwangua kwa kipande cha mbao au mwiko wa plastiki, kutoka juu kwenda chini, uchafu wote uangukie kwenye trei. Kwenye mfuniko kwa ndani utaona vitu vyeusi vinabanduka kama rangi. Watu wanasema rangi imechakaa. Si rangi, majiko mengi hayapakwi rangi kwa ndani ya mfuniko. Ni moshi wa mafuta uliogandamana tabaka kwa tabaka, na vikianza kubanduka vinadondokea kwenye nyama ya wageni. Kwangua, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo. Inatosha.

Nasema inatosha kwa sababu kuna vichwa ngumu watatafuta kitu kikali. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, inakula alumini, na masanduku ya majiko mengi ni alumini. Jiki nayo, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, inaharibu chuma cha pua, kinaanza vidoa vya kutu. Hata stilwaya ni adui wa chuma cha pua: inaacha chembe ndogo za chuma cha kawaida juu yake, zinashika kutu, halafu unalalamika umeuziwa feki. Tumia sponji.

Nyavu ni rahisi. Ukimaliza kuchoma acha jiko liwake kwa nguvu dakika kumi na tano, mfuniko umefunga, mabaki yaungue yawe majivu, halafu sugua. Lakini usiliache peke yake, na usifanye hivyo kama trei imejaa, rejea hapo juu. Sasa unasugua na nini? Wengi brashi ya waya. Mwaka 2012 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti ya wagonjwa sita waliofika hospitali Providence, Rhode Island, kati ya Machi 2011 na Juni 2012, wote wamemeza sindano ndogo za waya zilizokatika kwenye brashi ya kusafishia jiko. Waya unabaki kwenye wavu, unanasa kwenye nyama, unausukumia na pilipili. Wengine zilinasa kooni, wengine zilitoboa utumbo. Kwa hiyo brashi yako ikianza kumwaga nywele, tupa. Au chukua kitunguu kikubwa, kikate katikati, kichome kwenye uma mrefu na usugue wavu ukiwa bado wa moto. Usicheke, kinafanya kazi, na harufu yake nzuri. Foili iliyokunjwa kama mpira inafaa pia, ishike kwa koleo.

Nyavu za chuma cha kusubu, zile nyeusi nzito, zikishakauka zipake mafuta ya kula kidogo kwa kitambaa. Wadau wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar hili ni lenu hasa, upepo wa chumvi hauna huruma na chuma.

Majiko ya zamani yana mawe mepesi ya volkano badala ya mabati. Yanakunywa mafuta kama sifongo na ndiyo yanayorusha miali. Yakishalowa mafuta badilisha, na tafadhali usiweke kokoto za ujenzi. Kokoto yenye maji ndani ikipata moto inaweza kupasuka.

Mpira na regyuleta sasa. Ukate mpira wa maua utumie kwenye gesi? HAPANA. Uwe mpira uliotengenezwa kwa gesi ya mtungi, umeandikwa hivyo ubavuni, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umechapishwa hapo. Ukunje kidogo kwa vidole, ukiona mipasuko myembamba kama ya tairi la zamani, ununue mwingine. Angalia pia meno ya panya. Panya wanapenda jiko lenye mafuta, na wakiwa hapo wanatafuna kilichopo. Mpira usigusane na sanduku la jiko wala usipite chini ya trei, mafuta ya moto yataudondokea.

Kupima uvujaji ni kazi ya dakika mbili. Changanya sabuni ya maji na maji nusu kwa nusu, fungua mtungi huku swichi zote za jiko zimefungwa, paka povu kwenye kila kiungo: valvu ya mtungi, regyuleta, miisho miwili ya mpira. Mapovu yakianza kukua, panavuja. Funga mtungi, kaza au badilisha, upime tena. Fanya hivi kila ukibadilisha mtungi. Kuna wanaopima kwa njiti ya kiberiti, hao sina la kuwaambia. Na pua yako itumie pia, gesi yenyewe haina harufu, ile harufu ya yai viza imetiwa makusudi ili ujue.

Mtungi usimame wima siku zote. Ukilazwa, gesi ya maji inaweza kuingia kwenye regyuleta na mpira, moto unaruka ghafla mara nyingi zaidi ya kawaida.

Kwa mnaonunua mtumba, kuna jambo moja kabla hata ya kuosha. Tafuta kibati cha maelezo ubavuni mwa jiko. Huko nje kuna majiko ya gesi ya mtungi na kuna ya gesi ya bomba, ile gesi asilia kama inayotoka Songo Songo. Kwa sura yanafanana kabisa. Jeti za gesi asilia zina vitundu vikubwa zaidi, ukiliunga kwenye mtungi linatema moto mkubwa wa njano. Usilinunue, au jeti zibadilishwe na fundi anayejua. Regyuleta ya Ulaya au Marekani nayo mara nyingi haiingii kwenye mitungi yetu, na hapo watu wanachomeka ile ya presha kubwa ya majiko ya kupikia pilau la harusi. Jiko la kuchomea nyama la nyumbani linataka regyuleta ya presha ndogo.

Kulitumia iwe nje. Si varandani palipozibwa na turubai kwa sababu mvua inanyesha, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu. Na kava lake livalishe jiko likishapoa kabisa, ukilifunika na joto unafungia unyevu ndani na kutu inaanza hapo.

Jiko la shemeji lilituchukua nusu siku, ndoo tatu za maji ya moto na shati langu moja ambalo halifai tena. Kichomeo cha nyigu kilikuwa kimekuliwa na kutu kwa ndani, tukakitupa, mpira tukabadilisha. Jumapili iliyofuata tukaliwasha, mfuniko wazi, na yule kijana akakataa kabisa kusogea. Alisimama getini na sahani yake, nyusi ndiyo kwanza zinaanza kuota.